Tulivyolinganisha Maisha ya Hawaii na Israili Kutokea Al Khuwair

Siku mkisikia mtu anasema watu wa nchi fulani wana maisha mazuri, wanangu, msimwitikie haraka. Muulizeni kwanza: watu gani khasa? Mimi swali hilo limenilisha miaka yote ya kazi, na kabla halijaanza kunilisha lilinichekesha na kunitoa jasho mara nyingi.

Nnaitwa Zuwena. Nimestaafu mwaka jana, nnakaa Mabela, na asubuhi zangu siku hizi ni za kumwagilia mirehani uani na kubishana na wajukuu. Kabla ya hapo nilikuwa mtafiti wa hali za maisha katika ofisi ndogo Al Khuwair, hapa Maskati, juu ya duka la dawa. Kazi yetu ilikuwa kulinganisha, mtaa kwa mtaa, mji kwa mji, tujue wapi watu wanapumua na wapi wamebanwa, ili wanaopanga mambo wasipange kwa kukisia. Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mna kompyuta zinazochora michoro kabla chai haijapoa. Hewallah. Lakini kompyuta haikwambii uulize nini, na hapo ndipo nataka kuzungumza na nyinyi.

Miaka michache nyuma ofisi yetu ilikuwa taabani. Wateja walipungua, tukabaki watu saba, na mkuu wetu, Bwana Nassor, akaanza kuzima taa za ukumbini mchana. Kulikuwa na jumuiya moja ya watafiti nchi za nje iliyokuwa inatafuta ofisi ya kufanya nayo kazi ya kudumu. Wakasema kila ofisi itapewa jamii mbili, ifanye ulinganisho, na atakayefanya vizuri ndiye atakayepata kazi. Jamii zenyewe zinatolewa kwa kura, na haziwi za kwenu, msije mkazipendelea.

Kura ilipotoka Bwana Nassor alituita mezani. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Israili," akasema, "na Hawaii."

Halafu Njeri akaangua kicheko.

Njeri alikuwa Mkenya, mtu wa Nakuru, mtaalamu wa takwimu, mfupi, mwepesi wa mikono na wa maneno. Binti yake mdogo, Wambui, alimwacha kwa bibi yake Nakuru, na kila mwisho wa mwezi alituma fedha. Sisi wengine ofisi ikifungwa tungepata pa kushika. Kaka zetu wapo, shemeji zetu wapo. Yeye iqama yake, yaani kibali chake cha kuishi Oman, kilikuwa kimefungwa kwenye ile ofisi. Ofisi ikifa, na yeye anafunga mizigo. Alikuwa anacheka, lakini sote tulijua nani aliyekuwa na cha kupoteza zaidi.

"Aki, Bi Zuwena," akasema, "hata kwa ramani sijawahi kuziangalia siku moja, hizo mbili!"

Mtauliza, na Israili je, maana jina hilo kwetu halitajwi bila ya kila mtu kuwa na lake la kusema. Na sisi tulikuwa na letu. Bwana Nassor akasema siasa tutaiacha mlangoni pamoja na viatu, tukitoka tutaikuta. Na kweli kila jioni tuliikuta.

Nikaanza kazi kwa mbwembwe. Nikakusanya vipato vya huko na vya huko, nikavigeuza vyote kuwa riali za Oman, nikapanga jaduali zuri lenye rangi. Likaonesha kote kuwili watu wanaogelea katika neema. Nikampelekea Bwana Nassor, nikasimama pembeni nikingoja sifa.

Akaliangalia kitambo. "Zuwena, watu hawa mkate wananunua wapi?"

"Kwao, Bwana Nassor."

"Ah. Mimi nilidhani wanakuja kununua sokoni kwetu Mawaleh, maana umewalipa kwa riali."

Njeri akajifanya anakohoa. Lakini hilo lishikeni, wanangu: mshahara wa mtu haupimwi kwa bei za dukani kwako, unapimwa kwa bei za dukani kwake. Hawaii ni visiwa, mbali na kila mtu, na karibu kila wanachokula kinaletwa na meli. Maziwa ya kule si maziwa ya hapa. Na Israili nyumba zimepanda bei mpaka mtu na mkewe, wote wana kazi za heshima, wanaishi kwa kupanga huku wanaomba dua mwenye nyumba asiwakumbuke.

Nikarekebisha. Nikarudi na jaduali la pili, hili lenye wastani wa kila upande. Bwana Nassor akaniambia nisimame na Njeri bega kwa bega. Mimi mrefu kama mnazi, kilemba changu kinagusa taa. Njeri ananifika kwapani.

"Chukua kimo chako na kimo cha huyu," akasema, "kata katikati, ushone kanzu mbili sawasawa. Nani ataivaa?"

Basi tukaanza kuzigawa zile jamii. Israili kuna mtu wa kompyuta wa mji mkubwa wa pwani, kuna familia za kidini zenye watoto wengi na kipato kidogo, kuna miji ya Waarabu ambayo hesabu zake ni dunia nyengine kabisa, kuna vitongoji vya kusini karibu na jangwa. Hawaii kuna wenyeji wa asili, kuna wajukuu wa Wajapani na Wafilipino waliokwenda kulima miwa, kuna matajiri wa Marekani bara waliokwenda kununua mandhari. Ukizichanganya zote unapata mtu ambaye hayupo popote.

Mimi na Njeri tukagawana. Yeye akashika Hawaii, mimi Israili. Na kama mnavyojua wafanyakazi, baada ya wiki kila mmoja alikuwa ameshakuwa wakili wa watu wake. Wala hatukushindana watu wa nani wana raha. Tulishindana watu wa nani wamebanwa zaidi!

"Wangu wanafanya kazi mbili mbili," Njeri anasema.

"Wangu wamekopa mpaka sebule."

"Si ungoje uone bei ya mayai kwa wangu."

Tukawekeana sharti: atakayeshindwa atawapikia ofisi nzima. Bwana Nassor akauliza kama hiyo si kamari. Nikamwambia kamari ni ya fedha, hii ni ya wali.

Bwana Nassor ndiye aliyetutoa ofisini. Alisema hawezi kusoma habari za chakula zilizoandikwa na watu ambao hawajakibeba, akatutuma soko la Mawaleh, wakati huo soko la mboga bado liko pale, halijahamishwa. Tuwe kama tunafanyia ununuzi familia moja ya Hawaii na moja ya Israili. Ya Israili ilikuwa rahisi: nyanya, matango, biringani, malimau, vitu ambavyo hata mimi nyumbani nnavyo. Ya Hawaii ikatushinda. Njeri alikuwa ameandika jina la kiazi chao, wanakiponda mpaka kinakuwa kama uji mzito. Mwuzaji hakijui. Njeri akatafuta picha kwenye simu amwoneshe.

"Hiyo nduma!" Njeri akasema kwa sauti, kama aliyemwona mtu wa kwao.

"Nduma kitu gani? Hayo majimbi," nikamwambia.

"Bi Zuwena, nimekula hii tangu nizaliwe. Ni nduma."

"Na mimi mama yangu akiyapika kwa tui la nazi kila Ramadhani, tangu Unguja mpaka hapa. Majimbi."

Mwuzaji, kijana wa Kibengali, alikuwa anatutazama kwa subira. Akauliza kwa Kiarabu cha sokoni kama tunanunua au tunagombana. Tukanunua kilo nyingi kuliko tulizohitaji, tukacheka njia nzima mpaka ofisini.

Lakini yale majimbi yalitufanyia kazi kuliko jaduali lolote. Ile jumuiya ilitupangia watu wa kuzungumza nao kwa video. Upande wa Hawaii, wa kwanza alikuwa mwanamke anaitwa Malia, mwenyeji wa asili, anafanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Tulianza vibaya. Tulimwambia tutaonana Jumatano, tukasahau kwamba Alkhamisi yetu asubuhi ni Jumatano yao magharibi. Akatungoja Jumatano yake asubuhi, sisi tumeshalala fofofo. Siku ya pili alipotokea kwenye kioo cha kompyuta, uso umekunjamana. Njeri akaanza na maswali ya kipato. Majibu yakatoka ya neno moja moja, ndio, hapana, sijui. Nikamgusa Njeri mguu chini ya meza, nikainua jimbi moja, nikamwonesha Malia.

Yule mama akasogea karibu na kamera. "Hicho mnacho huko?"

Tukamweleza mimi nakipika na nazi, Njeri anakichemsha na kukila na chai. Akatuambia bibi yake alikuwa akikiponda kwa jiwe, na leo kwao kimekuwa ghali, wenyeji wanakila siku ya sherehe na wageni wanakila hotelini. Hapo hapo akawa anaeleza kipato, kodi ya nyumba, kazi ya pili ya jioni, vyote, bila ya kuulizwa. Ndiyo nnakwambieni: anzeni na chungu cha mtu. Mfuko utafunguka wenyewe.

Upande wangu alikuwepo Rivka, mwalimu wa skuli katika mji mmoja wa kusini. Mama yake alitoka Morocco. Na yeye tulianzia jikoni. Akaniambia chakula cha Ijumaa cha mama yake hakikosi mtu, nikamwambia na kwetu Ijumaa mchana asiyekuja kula lazima awe mgonjwa au amenuna. Akacheka. Nilikuwa nimejiandaa kuwa na haya, hata sijui haya ya nini, na badala yake nikajikuta naandika namna ya kutia bizari kwenye mboga.

Sasa nikupelekeni nyuma kidogo, nilipokuwa kijana kama nyinyi, maana swali tulilowauliza Malia na Rivka sikulitoa kitabuni. Mwaka wangu wa mwanzo kazini nilitumwa hapa hapa Mabela, nyumba bado mpya mpya, mchanga kila mahali. Nikaingia kwa mama mmoja mtu mzima. Bibi, hali ya maisha? "Alhamdulillahi." Kipato kinatosha? "Alhamdulillahi." Mna akiba? "Alhamdulillahi." Nikaona huyu hana kitu na anaficha, nikawa naandika hivyo. Katikati ya mazungumzo kiyoyozi kikakoroma, kikazima. Mwezi wa Juni! Yule mama hakuinuka. Alipiga simu moja tu. Kabla jasho halijanifika shingoni, jirani wa kushoto kaleta feni, mtoto wa dada yake kaingia na bisibisi, wa kulia kaleta sharubati ya ukwaju, na mmoja ambaye sikumjua ni nani akasema mgeni haondoki bila ya kula. Nilirudi ofisini nimeshiba, na nusu ya niliyoyaandika nimeshayafuta.

Bwana Nassor, wakati ule bado ana nywele, aliniambia: "Usimuulize mtu kama anaishi vizuri. Muulize mara ya mwisho kilipoharibika kitu, alifanya nini."

Basi tukawauliza. Friji yenu ikifa leo, mtafanya nini?

Malia alisema yao ilikufa kweli, mwaka uliopita. Samaki na nyama vikagawiwa kwenye friji za majirani watatu, mjomba akaja na mkoba wake wa vyombo, na kwa muda wote ule wakala kwa zamu nyumba za watu. Mpya walinunua baadaye, walipoweza. Rivka akasema angelipata mpya siku ile ile, kwa mkopo wa dukani, ipo mlangoni kabla maziwa hayajachacha. "Halafu," akasema, "ningeilipa mpaka nayo iharibike."

Nani ana maisha mazuri hapo? Mimi na Njeri tulikaa na swali hilo siku mbili. Kila mmoja akaona wake ameshinda, halafu akaona ameshindwa. Mwisho tukapika wote wawili. Yeye akaleta mukimo wa viazi na mahindi, mimi nikaleta biriani, na Bwana Nassor akala sahani ya kila upande akasema hawezi kutoa hukumu mpaka aongezwe.

Kilichotupatia jibu hatukukitafuta. Mwisho wa mazungumzo Njeri alimuuliza Malia, kwa adabu tu, watoto wako hawajambo? Malia akasema hawajambo, lakini hawapo. Mmoja yuko bara, Las Vegas, na wa pili anafunga mizigo, kwa sababu pale walipozaliwa hawawezi kulipa nyumba. "Nimeishi mahali ambapo dunia nzima inalipa ije kupumzika," akasema, "na kijana wangu hatoweza kuishi karibu na mimi."

Siku tatu baadaye nikamuuliza Rivka yale yale. Akasema kijana wake amekwenda kutafuta maisha Berlin. Halafu akasema, neno kwa neno, na hawajuani na Malia wala hawatojuana: "Hatoweza kuishi karibu na mimi."

Nikamtazama Njeri. Hakuwa anaandika. Alikuwa ameishika kalamu tu, anatazama dirisha.

Nilifunga mazungumzo na Rivka, nikamwekea Njeri kikombe cha chai ya zaatari mbele yake. Na mimi wazazi wangu waliondoka Unguja wakamwacha bibi yangu nyuma, na hawakumwona tena. Nyumba yetu ya Maskati ilikuwa na kila kitu, na mama hadi anafariki alikuwa bado anahesabu kiti cha mamake kwenye Idi.

"Bi Zuwena," Njeri akasema baadaye, "si tuulize wote hivyo? Mtu unayemtaka akae karibu na wewe, anaweza?"

Tukawarudia wote, mmoja mmoja. Na kila kitu kikajipanga. Mtu wa kompyuta wa pwani, mshahara mnono, wazazi wake wamesukumwa mbali na kodi. Familia ya mji wa Waarabu kaskazini, kipato kidogo, lakini wana wao wamejenga juu ya paa la baba yao, ghorofa juu ya ghorofa, mpaka hakuna tena kibali wala nafasi ya kujenga. Mfilipino wa Hawaii, vizazi vitatu nyumba moja, wamebanana, na hawabadilishani na mtu. Ilikuwa njia ya kuwapima watu wa visiwa na watu wa jangwani kwa kipimo kimoja ambacho wote wanakielewa. Bei za nyumba, mishahara, mikopo, masafa ya kwenda kazini, vyote tukaviweka, lakini vyote vikawa vinajibu swali lile moja.

Siku ya kuwasilisha nilivaa kilemba cha bahati yangu. Wakuu wa jumuiya walijipanga kwenye kioo kama picha za ukutani. Mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe, akatusikiliza mpaka mwisho akasema: "Vizuri sana. Lakini niambieni kwa neno moja. Wepi wana maisha mazuri zaidi?"

Bwana Nassor akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Njeri. Njeri akavuta kiti mbele.

"Kwa mshahara, wengi Israili na wengi Hawaii wako sawa kuliko watu wanavyofikiria," akasema. "Kwa kupata haraka unachohitaji, Israili. Kwa kutolala njaa kikiharibika kitu, tuliozungumza nao Hawaii. Kwa kubaki na watoto wako, wote wawili wanapoteza, na wanaopoteza zaidi ni wenyeji wa Hawaii. Neno moja sina. Nikikupa moja, nitakuwa nimekudanganya."

Yule mzee akaandika kitu. Nikaona kazi imekwenda. Wiki mbili nzima Bwana Nassor hakuzima taa za ukumbini. Nadhani alisahau kwa hofu.

Wakatupa kazi. Walisema ofisi nyengine zote zilileta neno moja.

Siku ile Al Khuwair nzima ilitusikia. Bwana Nassor aliagiza halua, ofisi ikajaa harufu ya zaafarani, na mtu wa duka la dawa akapanda juu kuuliza nani ameoa. Iqama ya Njeri ikawa salama. Nilimkumbatia, nikamwambia sasa atulie, amlete na Wambui, atafute skuli, mimi nitamsaidia.

Akanishika mikono. "Bi Zuwena, nimeuliza watu wa dunia nzima watoto wao wanaishi wapi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi." Akatabasamu, macho yamejaa maji. "Mimi naenda nyumbani."

Nilikasirika, wallahi. Tumeipigania ile kazi mwaka mzima khasa ili abaki! Lakini Bwana Nassor akasema kazi hii sasa inafanywa kwa kioo, na kioo kipo Nakuru pia. Wakapatana. Njeri akaondoka na masanduku mawili, moja zima tende na halua, na uwanja wa ndege nililia mimi, yeye akawa ananibembeleza, watu wanatutazama wanadhani mimi ndiye ninayesafiri.

Mkutano wake wa mwanzo kutoka Nakuru ulikuwa asubuhi ya Jumapili, kwetu siku ya kazi. Tulikuwa tumekaa sote mezani, tunazungumza mambo mazito ya jamii mpya tuliyopewa, nyuma ya Njeri mvua inapiga mabati mpaka anarudia kila neno mara mbili. Mara kichwa kidogo kikachomoza chini ya mkono wake, nywele zimesukwa, jino la mbele halipo. Wambui. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nyinyi mko wapi?" akauliza.

"Maskati, mwanangu," nikamjibu.

"Huko kunanyesha?"

"Hapana. Huku mvua hatuioni ila mara moja moja."

Akafikiri, amekunja uso kama mtaalamu. Halafu akamgeukia mama yake, akasema kwa huruma ya kweli, "Woi, mum! Kumbe ni maskini!"

Njeri akaziba uso kwa mikono miwili. Bwana Nassor alicheka mpaka miwani ikamtoka, ikaanguka ndani ya kikombe cha kahawa. Akaitoa, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa na bado inadondoka.

"Zuwena," akasema, kwa ile sauti yake ya kazi, "liandike hilo."

Nikaliandika.